Žalgiris ya Kaunas: Miaka 80 ya Kulea na Kuondokewa

Kaunas ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Lithuania. Una wakazi wapatao 300,000, na katika kisiwa kidogo cha mto Nemunas unaoupitia mji huo kumejengwa ukumbi wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 15,000. Usiku wa mechi kubwa ya Euroleague, ligi kuu ya klabu za mpira wa kikapu barani Ulaya, ukumbi huo hujaa, na waliomo, wengi wao wakiwa wamevaa kijani na nyeupe, huwa ni sawa na mtu mmoja kwa kila wakazi 20 wa mji mzima. Madrid, Athens na Istanbul zina klabu tajiri zaidi na makombe mengi zaidi, lakini hakuna kati ya miji hiyo ambao mpira wa kikapu umeuteka kwa kiwango hicho.

Timu yenyewe ni Žalgiris. Nimeifuatilia kwa miaka mingi nikiwa Dar es Salaam, kwa msaada wa intaneti na wa majirani wenye usingizi mzito, kwa kuwa mechi inayoanza kule saa mbili usiku wakati wa baridi huanza kwetu saa tatu, na mashabiki wa Kaunas hawajui kushangilia kwa sauti ya chini. Kadiri nilivyozidi kuisoma historia yake, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba orodha ya makombe haitoshi kuieleza klabu hii. Imekuwa, tangu mwanzo hadi leo, klabu isiyo na uwezo wa kumzuia mchezaji wake bora asiondoke. Kwanza ilikuwa chini ya kivuli cha jeshi la Kisovieti, kisha ikajikuta mbele ya pesa za Hispania, Italia, Uturuki na Marekani, na kila mara imelazimika kujijenga upya na wale waliobaki. Jambo la ajabu ni kwamba kizazi chake bora kabisa kilikaa pamoja kwa sababu tu mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa, na uhuru ulipokuja, uhuru ambao mashabiki wa timu hiyo waliutamani kuliko kombe lolote, ndio uliokisambaratisha.

Mchezo huu ulikuwa umeota mizizi Kaunas kabla klabu haijazaliwa. Kati ya vita viwili vya dunia Vilnius, mji mkuu wa leo, ilikuwa mikononi mwa Poland, na Kaunas ikawa mji mkuu wa muda wa Lithuania. Mwaka 1937 timu ya taifa, ikisaidiwa na vijana wa Kilithuania waliolelewa Marekani, ilikwenda Riga na kurudi na ubingwa wa Ulaya. Kwa kuwa bingwa ndiye aliyepewa uenyeji wa mashindano yaliyofuata, serikali iliamua kujenga ukumbi maalumu wa mpira wa kikapu, uliosanifiwa na mhandisi Anatolijus Rozenbliumas na kukamilika kwa muda mfupi kabla ya mashindano ya Mei 1939. Mtu aliyeteka macho ya wote alikuwa Pranas Lubinas, mzaliwa wa Los Angeles, mtoto wa wahamiaji wa Kilithuania, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Berlin akiichezea Marekani. Lithuania iliishinda Latvia kwa pointi 37 kwa 36, na Lubinas ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho. Ubingwa ukabaki Kaunas.

Miezi michache baadaye vita vikaanza, na Lubinas akarudi Marekani. Umoja wa Kisovieti uliingia Lithuania mwaka 1940, Wajerumani wakafuata mwaka 1941, na jeshi la Kisovieti likarudi tena katikati ya mwaka 1944. Wayahudi wa Kaunas, waliokuwa makumi ya maelfu, walikuwa karibu wote wameuawa. Wasomi na wanamichezo wengi walikimbilia Magharibi, na wengine walikuwa wakisubiri kupelekwa Siberia. Ni katika mji wa namna hiyo, mwaka huo wa 1944, Žalgiris ilipoanzishwa.

Jina lake ni la vita vya mwaka 1410, ambapo majeshi ya Lithuania na Poland yaliwashinda mashujaa wa msalaba wa Kijerumani. Watawala wapya hawakuwa na sababu ya kulikataa, kwa kuwa walioshindwa katika vita hivyo walikuwa Wajerumani, na mwaka 1944 hakuna jambo lililompendeza Moscow kuliko kukumbusha jinsi Wajerumani wanavyoshindwa. Walithuania, kwa upande wao, walipata neno la fahari ya taifa lao ambalo wangeweza kulipiga kelele hadharani bila kukamatwa. Nadhani hapo ndipo ilipoanza ile hali ya pande mbili kuitazama timu moja na kuona vitu viwili tofauti.

Timu ilianza vizuri. Ilitwaa ubingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1947 na tena mwaka 1951, na si jambo la kushangaza, kwa kuwa nchi za Baltiki ziliujua mchezo huu vizuri kuliko sehemu nyingine nyingi za umoja huo mkubwa. Stepas Butautas, Justinas Lagunavičius na Kazys Petkevičius walikuwa katika timu ya Kisovieti iliyopata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Baada ya hapo ukafuata ukame wa miaka 34.

Sababu kubwa ya ukame huo ilikuwa na jina, nalo ni CSKA. Hii ilikuwa klabu ya jeshi, yenye makao Moscow, na katika nchi ambayo kila kijana wa kiume alikuwa na wajibu wa kutumikia jeshi, uwezo wake wa kukusanya vipaji haukuwa na mfano. Kijana mwenye kipaji kutoka Kiev, Tbilisi au Alma-Ata angeweza kuitwa jeshini kama vijana wenzake, kisha akajikuta amevaa jezi ya CSKA badala ya magwanda. Hapakuwa na ada ya uhamisho wala mazungumzo. Klabu za mikoani zililea, na Moscow ikavuna.

Modestas Paulauskas hakuvunwa. Alizaliwa Kretinga, karibu na bahari, akafika Kaunas mwaka 1962 akiwa na miaka 17, na akaichezea Žalgiris hadi mwaka 1976 bila kuhamia kwingine. Alikuwa mmoja wa wachezaji bora wa Ulaya wa zama zake, lakini hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi ya Kisovieti akiwa na klabu yake, kwa sababu alichagua kubaki mahali ambapo ubingwa haukupatikana. Mwaka wake wa kukumbukwa zaidi ni 1972, na mwaka huo hausimuliki bila kutaja yaliyotokea Kaunas kwanza. Tarehe 14 Mei, kijana wa miaka 19 aitwaye Romas Kalanta alijichoma moto katika bustani iliyo mbele ya jumba la michezo ya muziki, akiupinga utawala wa Kisovieti, na baada ya mazishi yake vijana wa mji waliingia mitaani hadi wakatawanywa kwa nguvu. Septemba mwaka huohuo, mjini Munich, Umoja wa Kisovieti uliishinda Marekani 51 kwa 50 katika fainali ya Olimpiki yenye utata kuliko zote, ile ambayo sekunde tatu za mwisho zilirudiwa na Wamarekani wakakataa kuchukua medali zao za fedha. Nahodha wa timu ya Kisovieti alikuwa Paulauskas. Miezi minne tu iliyatenganisha matukio hayo mawili, na watu wa Kaunas walilazimika kuyabeba yote mawili, bila mtu kuwauliza walijisikiaje.

Mwaka 1979 timu ilikabidhiwa kwa kocha Vladas Garastas, na hapo ndipo simulizi inapopamba moto. Garastas alikusanya kundi la vijana ambao majina yao bado yanatajwa Lithuania kwa pumzi moja: Valdemaras Chomičius, Rimas Kurtinaitis aliyekuwa hatari kwa mitupo ya mbali, Sergejus Jovaiša, Gintaras Krapikas, na kijana mmoja mzaliwa wa Kaunas, Arvydas Sabonis, aliyeanza kuichezea timu kubwa mwaka 1981 kabla hajatimiza miaka 17. Sabonis alikua hadi sentimita 221. Wachezaji warefu hawakuwa haba katika Umoja wa Kisovieti, ila huyu alikuwa akipiga pasi kama mchezeshaji wa timu, akitupa kutoka mbali, na akikimbia uwanja mzima kwa wepesi ambao wale waliomwona tu alipokuwa Marekani, tayari akiwa na miguu iliyochoka, hawawezi kuuamini. Ninapotazama picha za miaka ile, zenye mikwaruzo na sauti hafifu, huwa naamini kwamba hapakuwa na mchezaji wa kati bora kuliko yeye popote duniani kati ya mwaka 1984 na 1986, nikijua fika kwamba Kareem Abdul-Jabbar na Hakeem Olajuwon walikuwa wakicheza miaka hiyohiyo.

CSKA ilikuwa imetwaa ubingwa mara 9 mfululizo, kuanzia mwaka 1976 hadi 1984. Mwaka 1985 Žalgiris iliuvunja mfululizo huo, ikarudia mwaka 1986, ikarudia tena mwaka 1987. Wapinzani katika mechi za mwisho walikuwa wale wale wa jeshi, na wakati mwingine upande wa pili wa uwanja alisimama Alexander Gomelsky, kocha aliyekuwa na sauti kuliko wote katika mpira wa kikapu wa Kisovieti. Ukumbi wa mwaka 1939, wenye nafasi ya watu wapatao 5,000, ndio uliotumika. Bendera ya taifa ilikuwa imepigwa marufuku na wimbo wa taifa pia, lakini hakuna sheria iliyomkataza mtu kushangilia timu yake ikiifunga timu ya jeshi la Moscow, na watu wa Kaunas walishangilia kwa nguvu zote za kuimba na kupeperusha walizokuwa wamenyimwa mahali pengine. Wenye mamlaka walilielewa hilo, lakini wangeweza kulifanyia nini? Timu ilikuwa halali, ligi ilikuwa yao wenyewe, na mchezaji wake bora walimhitaji katika timu ya taifa.

Ulaya haikuwa na huruma. Mwaka 1985, mjini Grenoble, Žalgiris ilipoteza fainali ya Kombe la Washindi mbele ya Barcelona, 77 kwa 73. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Aprili 1986, ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa, ambalo baadaye liliitwa Euroleague, mjini Budapest, dhidi ya Cibona ya Zagreb iliyokuwa bingwa mtetezi na iliyoongozwa na ndugu wawili, Dražen na Aleksandar Petrović. Mashabiki wa mpira wa kikapu wanaipenda fainali hiyo kwa kuwa ilimkutanisha Sabonis na Dražen Petrović, vijana wawili ambao wangekuja kuubadilisha mtazamo wa Marekani juu ya Ulaya. Mimi huiona kwa uchungu kidogo, maana haikuisha kwa mchezo. Katika kipindi cha pili Sabonis alimpiga ngumi Mihovil Nakić wa Cibona na kutolewa uwanjani, na bila yeye Žalgiris ilizama: 94 kwa 82. Mwaka huohuo timu ilikwenda Argentina na kutwaa Kombe la Mabara, ambalo lilikuwa faraja nzuri, lakini Kombe la Mabingwa lingesubiri miaka 13.

Miezi michache baada ya Budapest, Portland Trail Blazers ya Marekani ilimchagua Sabonis katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akiwa wa 24. Uchaguzi huo haukuwa na maana yoyote ya kivitendo, kwa sababu serikali ya Kisovieti haikumruhusu kuondoka. Kisha mshipa wa kisigino chake ukakatika, naye akakosa sehemu kubwa ya miaka miwili iliyofuata. Mwaka 1988 aliruhusiwa kwenda Portland kutibiwa, na vuli ya mwaka huo akawa Seoul kwenye Olimpiki, ambako Umoja wa Kisovieti uliishinda Marekani 82 kwa 76 katika nusu fainali na kutwaa dhahabu. Wachezaji wanne wa timu ile walikuwa Walithuania: Sabonis, Kurtinaitis, Chomičius, na Šarūnas Marčiulionis wa Vilnius. Februari 1989 Kurtinaitis alikuwa Houston akishiriki shindano la mitupo ya pointi tatu la NBA, ingawa hakuwahi kuichezea timu yoyote ya ligi hiyo. Mlango ulikuwa umefunguka, na wote wakatoka. Sabonis alikwenda Valladolid, Hispania, mwaka 1989, kisha Real Madrid ambayo aliipa ubingwa wa Ulaya mwaka 1995, kisha hatimaye Portland, miaka 9 baada ya kuchaguliwa.

Lithuania ilitangaza kurejesha uhuru wake tarehe 11 Machi 1990, na Žalgiris ikajiondoa katika ligi ya Kisovieti. Ilikuwa hatua ambayo kila shabiki aliitaka, na gharama yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa timu iliyokuwa ikicheza na CSKA mbele ya nchi yenye watu karibu milioni 290 sasa ilibaki na wapinzani wa miji midogo ya nyumbani. Uchumi ulikuwa umeporomoka. Mwaka 1993 Marčiulionis, aliyekuwa akicheza NBA wakati huo, aliongoza uanzishaji wa ligi ya kulipwa ya Lithuania, LKL, na Žalgiris ikatwaa mataji yote 6 ya kwanza. Lakini kuwa mkubwa katika ligi ndogo hakukuwa kipimo ambacho Kaunas ilikuwa imekizoea.

Pesa zilikuja kutoka mahali pasipotarajiwa. Shabtai Kalmanovich alizaliwa Kaunas mwaka 1947 katika familia ya Kiyahudi, akahamia Israel mwaka 1971, akafanya biashara Sierra Leone na katika Bophuthatswana ya Afrika Kusini, kisha mwaka 1988 akahukumiwa kifungo Israel kwa kosa la kuufanyia ujasusi Umoja wa Kisovieti. Aliachiwa mwaka 1993, na baada ya muda si mrefu akawa mfadhili na mmiliki mwenza wa klabu ya mji alikozaliwa. Maisha yake yaliishia Moscow mwezi Novemba 2009, alipopigwa risasi akiwa ndani ya gari lake. Siwezi kumfanya mtakatifu, na sidhani kama kuna anayejaribu. Hata hivyo mtu akiuliza ni nani aliyelipa mishahara ya timu iliyoifikisha Kaunas mahali ambapo Sabonis hakuifikisha, jibu ni huyo.

Kocha alikuwa Jonas Kazlauskas, mtu mtulivu aliyependa mchezo wa kasi. Aprili 1998, mjini Belgrade, Žalgiris iliishinda Stefanel Milano 82 kwa 67 na kutwaa Kombe la Ulaya, ngazi ya pili ya mashindano, huku Saulius Štombergas akifunga pointi 35 peke yake. Kombe hilo liliifungulia mlango wa Euroleague msimu uliofuata. Uongozi ulimleta Tyus Edney, Mmarekani mwenye kimo cha sentimita 178, aliyefahamika kwao kwa kukimbia uwanja mzima katika sekunde 4.8 na kufunga kikapu kilichokiokoa chuo chake cha UCLA katika mashindano ya vyuo vikuu ya mwaka 1995. George Zidek, Mcheki aliyekuwa naye katika timu ile ya UCLA, akaja pia, pamoja na Anthony Bowie aliyekuwa mkongwe wa NBA. Wengine walikuwa vijana wa nyumbani: Štombergas, Tomas Masiulis, Darius Maskoliūnas, Dainius Adomaitis, na akina Žukauskas wawili.

Hakuna aliyewapa nafasi. Fainali za timu nne zilifanyika Munich Aprili 1999. Olympiacos ya Ugiriki ilikutana na Žalgiris katika nusu fainali, ikafungwa 87 kwa 71, na matokeo hayo yangepaswa kuwatisha Kinder Bologna ya Italia, wapinzani wa fainali na mabingwa watetezi waliokuwa na Predrag Danilović, Antoine Rigaudeau na kocha Ettore Messina. Hayakuwatisha vya kutosha. Tarehe 22 Aprili, Žalgiris ilicheza kwa namna ambayo timu za Ulaya za wakati ule, zilizozoea kutembeza mpira polepole na kumaliza mechi kwa pointi sitini na kitu, hazikuwa na dawa yake. Edney alipokea mpira, akakimbia, na kila alipozuiwa akakuta mwenzake amesimama peke yake. Mechi iliisha 82 kwa 74, na Edney akachaguliwa mchezaji bora. Ilikuwa Munich ileile ambako Paulauskas alivaa medali ya dhahabu yenye nembo ya nchi nyingine, ingawa ukumbi ulikuwa tofauti. Safari hii bendera zilizojaa ukumbini zilikuwa za njano, kijani na nyekundu.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuliko kombe lenyewe. Kalmanovich alijitoa. Edney akaenda Treviso. Štombergas akachukuliwa na Kinder Bologna, yaani walioshindwa walimnunua aliyewashinda. Mwaka 2000 Žalgiris, mwaka mmoja tu baada ya Munich, ilipoteza ubingwa wa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu LKL ianzishwe, mbele ya Lietuvos rytas ya Vilnius. Haijarudi kutwaa Euroleague tangu hapo.

Mara moja ilikaribia kwa namna inayouma hadi leo. Mwaka 2003 Sabonis alirudi nyumbani, akawa mmiliki wa klabu na mchezaji wake kwa wakati mmoja, na akiwa na miaka 39 akachaguliwa mchezaji bora wa Euroleague katika hatua ya makundi na tena katika hatua ya timu 16. Tarehe 8 Aprili 2004, mjini Tel Aviv, Žalgiris ilikuwa mbele ya Maccabi kwa pointi tatu, 94 kwa 91, zikiwa zimebaki sekunde chache kabisa, na mchezaji wake mmoja alikuwa na mitupo huru miwili. Hakuna hata mmoja uliohesabiwa. Gur Shelef aliurusha mpira uwanja mzima, Derrick Sharp akaudaka, akageuka na kutupa, na mpira ukaingia. Maccabi ilishinda 107 kwa 99 katika muda wa nyongeza, ikaenda fainali za timu nne zilizofanyika katika ukumbi wake yenyewe, na ikawa bingwa. Miongoni mwa waliokimbilia kumkumbatia Sharp usiku ule walikuwamo wenzake wa Maccabi, na mmoja wa nguzo za timu hiyo alikuwa Šarūnas Jasikevičius, mzaliwa wa Kaunas, ambaye kwa miaka yote ya ubora wake hakuwahi kuichezea klabu ya mji wake.

Miaka ya Vladimir Romanov naipitia haraka, kwa kuwa ilikuwa ya fujo zaidi kuliko mchezo. Huyu alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Urusi, mwenye hisa nyingi katika Ūkio bankas ya Kaunas na mmiliki wa klabu ya soka ya Hearts ya Scotland. Aliichukua Žalgiris mwaka 2009 na kubadilisha makocha kwa kasi isiyo ya kawaida. Miongoni mwa walioletwa na kuondolewa walikuwamo Ramūnas Butautas, mtoto wa Stepas, na Aleksandar Petrović, yule yule wa Cibona ya mwaka 1986. Februari 2013 benki kuu ya Lithuania ilisimamisha shughuli za Ūkio bankas, na Romanov akaiacha klabu ikiwa na madeni.

Ukumbi ndio uliookoa. Žalgirio Arena ilifunguliwa Agosti 2011, kwa wakati wa kuandaa fainali ya ubingwa wa Ulaya wa mwaka huo, na chini ya mkurugenzi Paulius Motiejūnas kampuni ya klabu ikawa pia mwendeshaji wa ukumbi wenyewe. Matamasha ya muziki, maonyesho na mechi vikaanza kulipa pamoja. Huu ni mpango usio na mvuto wa kusimulia, lakini kwa maoni yangu ndio uamuzi muhimu kuliko wote uliofanywa Kaunas tangu mwaka 1999, kwa sababu kwa mara ya kwanza klabu iliacha kumtegemea tajiri mmoja na kuwategemea watu wanaonunua tiketi. Wananunua kweli. Žalgiris imekuwa miongoni mwa klabu zinazoongoza Euroleague kwa idadi ya watazamaji, ikizipita nyingi zenye bajeti kubwa kuliko yake.

Jasikevičius alirudi mwaka 2013 kucheza msimu wake wa mwisho, akiwa tayari ametwaa Euroleague mara nne na klabu tatu tofauti. Januari 2016 akawa kocha mkuu. Wengi nje ya Lithuania walimfahamu mwaka 2017, pale mwandishi wa habari alipomuuliza kama ni sawa mchezaji Augusto Lima kukosa mechi ya nusu fainali ili ashuhudie mtoto wake akizaliwa, naye akamjibu kwa ukali uliozunguka dunia nzima. Ukali huohuo ndio aliouweka katika ulinzi wa timu yake. Msimu wa 2017-18, akiwa na Kevin Pangos kutoka Canada, Brandon Davies, Vasilije Micić ambaye wakati ule hakuwa nyota, na nahodha Paulius Jankūnas, aliifikisha Žalgiris katika fainali za timu nne baada ya kuitoa Olympiacos kwa mechi 3 kwa 1. Mjini Belgrade walifungwa na Fenerbahçe 76 kwa 67, kisha wakacheza mechi ya kuwania nafasi ya tatu ambayo kwa kawaida hakuna anayeitaka. Mpinzani alikuwa CSKA Moscow. Žalgiris ilishinda 79 kwa 77, na mashabiki waliokuwa na umri wa kuikumbuka miaka ya 1980 hawakuhitaji kuelezwa kwa nini medali ile ya shaba ilipokewa Kaunas kama kitu kikubwa zaidi. Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na Euroleague ikazisimamisha klabu zake, timu hizo mbili hazijakutana tena katika mashindano hayo.

Pangos aliondoka kwenda Barcelona mwaka 2018. Davies akamfuata huko mwaka 2019, na Jasikevičius mwenyewe mwaka 2020. Micić alikwenda Efes ya Istanbul, akatwaa Euroleague mara mbili na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2021. Mei 2025, mjini Abu Dhabi, Jasikevičius aliipa Fenerbahçe ubingwa wa Euroleague. Hata Motiejūnas aliondoka, akawa mtendaji mkuu wa Euroleague yenyewe. Sasa benchi la Kaunas limekabidhiwa Tomas Masiulis, mmoja wa vijana wa Munich 1999.

Kinachonitia wasiwasi leo si tena kuondoka kwa mchezaji mmoja mmoja, maana hilo Kaunas imelizoea kwa miaka 80. Dubai imeingia Euroleague msimu wa 2025-26, na NBA pamoja na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, wanazungumzia ligi mpya ya Ulaya itakayojengwa juu ya miji mikubwa yenye soko kubwa, kama London na Paris, ambako mpira wa kikapu hauna hata nusu ya mashabiki wa kweli waliopo kando ya Nemunas. Katika hesabu za namna hiyo mji wa watu 300,000 hauonekani. Wanaoziandika wangefanya vyema kununua tiketi ya mechi ya Januari, usiku wenye theluji, na kuketi katika ghorofa ya juu ya Žalgirio Arena, wakiipata hiyo tiketi.